Maji Yalipotutenganisha na Bibi

Nyumba ya kwanza tuliyobisha hodi Kalemie ilikuwa ya Wakristo wenzetu. Mama aliichagua kwa sababu juu ya mlango walikuwa wamechora msalaba kwa chokaa, na aliamini kwamba mwenye msalaba hawezi kumwacha mwenzake nje na watoto.

Tulikuwa tumeshuka kwenye boti asubuhi ile, mama, kaka yangu na mimi, tukitoka kaskazini mwa ziwa, upande wa Fizi, ambako vita ilikuwa imefika hadi kwenye mashamba yetu ya muhogo. Baba alibaki nyuma kutafuta mbuzi wake, na hatukumwona tena. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa nikichoka. Kaka alinizidi miaka michache, naye alikuwa amevaa sufuria kichwani kama kofia ili mikono yake ibaki huru kubeba vingine.

Mwenye nyumba alitoka, akatusikiliza vizuri, akatupa hata maji ya kunywa. Halafu akauliza, "Mama, muko kabila gani?"

"Babembe."

Yule mwenye nyumba akatazama njia upande huu na upande ule. "Nafasi haiko," akasema. "Mutusamehe. Batu ba kaskazini, vita inabafuata."

Nyumba zilizofuata zilisema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Tulishuka mlima nyumba kwa nyumba hadi mchana ukapita, na wingu likajaa juu ya ziwa. Mwisho tukawa kwenye kartie, yaani mtaa, ya Waislamu, kule chini kabisa ambako mchanga unaingia hadi vyumbani. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa anakaanga vitumbua chini ya paa la nyumba yake, amejifunga ushungi, macho mekundu kwa moshi. Hakutusalimia. Alimwambia tu mama yangu, "Mvua inakuja. Ingiza batoto. Maneno ingine tutasema kesho."

Kesho ilipofika hakuuliza kitu. Akatuonyesha chumba cha nyuma, akampa mama ufagio. Tulikaa pale hadi nikawa mtu mzima.

Tulimwita Bibi. Alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja aliyebaki hai alikwenda Lubumbashi akanyamaza huko. Alikuwa Mungwana, yaani wa ukoo wa wale Waislamu ambao babu zao walifika na misafara ya zamani wakabaki. Alizaliwa Kalemie, na mama yake alizaliwa Kalemie. Hata hivyo kila alipogombana na mtu sokoni, aliambiwa arudi kwao Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Ujiji hakuwahi kufika. Alikuwa anaogopa boti.

Mtu anayepita Kalemie hawezi kuona kwamba mji umegawanyika. Hakuna ukuta. Utatembea kutoka stesheni ya treni hadi sokoni, utaona watu wanasalimiana, wanaazimana chumvi, wanakwenda matanga ya majirani. Lakini sisi tuliokaa pale tulijua. Bomba la parokia lilikuwa na wenyewe, na bomba la msikiti lilikuwa na wenyewe. Nyama sokoni ilikuwa na meza mbili. Mitumbwi mingine ilichorwa msalaba ubavuni, mingine iliandikwa jina la Mungu kwa Kiarabu, na kijana alipotafuta kazi ya kuvua alijua aulize wapi na asiulize wapi. Hakuna aliyepigana. Kila mtu alijua tu mpaka wake uko wapi.

Sisi hatukuwa na upande. Shuleni watoto wa Kikristo waliniita "Mubembe wa musikiti" kwa sababu ya kule nilikolala. Kwenye kartie, wazee walimuuliza Bibi ni lini atatusilimisha. "Bamalize kula kwanza," alijibu, na wazee wakacheka, ingawa si wote. Kanisa letu lilikuwa la mbao na mabati, pale pale kwenye mchanga, la watu wa kaskazini watupu. Tuliimba Kibembe, na mama aliongoza kwaya ya akina mama. Wakristo wa mlimani walisema ni kanisa la wakimbizi, wala hawakuwa wamekosea.

Mama alianika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, Bibi alikaanga vitumbua. Mwezi wa kufunga, mama ndiye aliyetwanga mchele na kuchota maji, kwa sababu Bibi alikuwa anaishiwa nguvu kabla ya saa kumi, kisha jioni tulikula wote mkeka mmoja. Noeli ilipofika, kaka alipeleka kuku wetu kwa jirani Mwislamu amchinje, ili Bibi aweze kula nasi. Bibi alijifunza wimbo wa kwaya ya mama kwa kuusikia tu, akawa anauimba akipiga unga, maneno yote ya Kibembe yakiwa yamepinda. Mama alikuwa anaegemea ukuta, anacheka hadi machozi.

Kisha ziwa likaanza kupanda.

Mto ukifurika unakuja kwa hasira na unaondoka. Ziwa halikufanya hivyo. Lilisogea tu. Mvua za mwaka ule zilikwisha, lakini maji hayakurudi, na mwaka uliofuata yakaanzia pale yalipoishia. Kwanza vyoo vya upande wa chini vilijaa. Halafu kanisa letu: tuliimba miguu ikiwa majini Jumapili kadhaa, mpaka mabenchi yakaanza kuelea na mchungaji akafunga ibada akilia. Bibi alisema ziwa lilishakuja zamani hivyo hivyo, bibi yake alimsimulia, na lilirudi lenyewe. Kaka akaweka matofali chini ya miguu ya vitanda. Tukangoja.

Asubuhi moja mama alikuwa anapuliza moto juu ya meza ya matofali, mimi nafua, na ukuta wa nyuma ukainama. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini ndani ya maji, polepole, na mabati yakaufuata. Hakuna aliyeumia. Tulibeba tulivyoweza. Kaka alizama kutafuta kikaango cha vitumbua, akakipata, akampa Bibi, na Bibi akakishika kifuani njia nzima ya kupanda mlima.

Kanisa moja kubwa la kule juu lilikuwa limefungua kiwanja chake kwa watu waliotolewa na maji. Watu walikuwa wengi, turubai zimefungwa kwenye vijiti. Papa mmoja wa kamati, kama tunavyowaita wazee wa kiume, alisimama mwanzoni mwa kiwanja akiwapanga watu. Alikuwa mpole, uso umechoka. Alitutazama, kisha akamtazama Bibi.

"Huyu mama ni wa nani?"

"Ni mama yetu," mama yangu akasema.

"Mama, huyu ni Muislamu."

"Ndiyo. Ni mama yetu."

Yule papa akashusha pumzi. "Sikia, mama. Siye hatufukuze mutu. Lakini Baislamu bako na mahali yabo, kule kwa masomo ya musikiti. Nikimuweka hapa, kesho batu bataniuliza juu ya nini nimemupa nafasi ya batoto babo."

"Atalala na mimi. Hatachukua nafasi ya mutu."

"Mama," yule papa akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, "usiniletee matatizo."

Bibi ndiye aliyegeuka kwanza. "Twende kwa musikiti," alisema. "Kule banatujua."

Kweli walitujua. Kwenye uwanja wa shule ya msikiti kulikuwa na hema za kweli, nyeupe, zilizoletwa kutoka mbali na watu wa dini yao. Mzee aliyesimamia alimshika Bibi mikono miwili, akamwita mama, akamwonyesha hema karibu na bomba. Sisi tukabaki tumesimama na mizigo kichwani. Mzee yule alikuwa amenunua ndagala za mama yangu miaka mingi. Ilimuwia vigumu kututazama.

"Hizi vitu zilitumwa kwa Baislamu," alisema. "Njo vile balisema benye kutuma. Nikipa ninyi, Baislamu benye banangoja mulangoni bataniambia nini?" Alisugua ndevu. "Kama mungesilimu, lingekuwa neno ingine. Leo leo mungeingia."

Kaka akamgeukia mama. Akasema Kibembe, haraka, ili yule mzee asisikie: tuseme tu, mama, ni maneno tu, mvua itanyesha.

Mama alizitazama zile hema. Nilimwona anafikiri. Nilimfahamu mama yangu, na nilijua kwamba angefanya mambo mengi kwa ajili ya turubai kavu. Lakini Bibi alikuwa ameelewa, maana miaka yote ile Kibembe kilikuwa kimemwingia sikioni.

"Hapana," Bibi alisema. "Si vile. Musiingie kwa Mungu sababu ya hema." Akamtazama mama. "Mimi mwenyewe ningekuwa na haya."

Basi tukaachana pale mlangoni. Mama alimpa Bibi blanketi letu zuri. Bibi akampa mama nusu ya unga wake. Wote wawili walisema ni kwa muda kidogo tu, hadi maji yarudi, na waliongea kuhusu matofali ya kujengea upya ukuta ule, watayatoa wapi, nani atayachoma.

Tuliporudi mlimani, papa wa kamati alituuliza tunasali wapi. Mama akamwambia. "Ah, kanisa ya Babembe," alisema, na akatupeleka mwisho wa kiwanja, pale ardhi inapokatika na kuwa korongo, ambako walikuwa wamewaweka watu wote wa kaskazini. Mvua ya kwanza ilipita katikati ya turubai yetu.

Ziwa halikurudi. Sasa hivi ukisimama juu unaweza kuona ncha za miti iliyokuwa uani kwa watu.

Mama alikuwa anamtembelea Bibi karibu kila siku, anampikia sombe ya majani ya muhogo, anamsuka nywele chini ya ushungi. Kisha wale wa msikiti wakahitaji shule yao, na watu wa hema wakahamishiwa ng'ambo ya mto Lukuga, mbali, kwenye uwanda usio na kivuli. Kwa miguu ilikuwa safari ya nusu siku, na mama alikuwa ameanza kuumwa magoti. Alikwenda alipoweza. Mimi nilikuwa nimejifunza kushona, na kila alipokwenda nilimtuma na kitu: gauni, mfuko, ushungi mpya. Bibi alirudisha vitumbua, ambavyo vilifika vimepoa na kulowa mafuta. Tuliendelea kusema atarudi. Nafikiri hakuna kati yetu aliyeamini.

Kifua ndicho kilichomuua. Mwanamke mmoja wa kule alimtuma mtu sokoni kutwambia, na mama na mimi tukaondoka bila kufunga biashara vizuri. Tulimkuta Bibi amelala upande mmoja, amekuwa mdogo, anapumua kwa kukwangua. Alitutambua. Alimuuliza mama kama ndagala zimepanda bei. Mama alimwogesha kwa maji ya moto, akambadilisha nguo, akampa uji kwa kijiko, na uji ukatoka. Tulikaa naye kesho yake na kesho kutwa. Alikufa mchana, watu wakiwa wanaitana kwenda kusali, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Wanawake wakaja upesi na maji, na sanda, na pamba. Walikuwa wanawake wema. Mmoja wao, mzee, alimgusa mama begani.

"Mama, utoke kidogo."

"Nitasaidia," mama akasema. "Juzi nimemuogesha mimi."

"Tunajua. Mungu amekuona. Lakini hii haiko ya kuogesha tu, ni ya dini. Utoke, mama. Tafazali."

Mama alitoka. Alikaa kwenye mchanga nje ya hema, mikono imelala juu ya magoti, viganja juu. Ndani tulisikia maji yakimwagwa na wanawake wakisema maneno ya Kiarabu kwa sauti ya chini. Mama akaanza kuimba ule wimbo wa kwaya, kidogo sana, bila kufungua mdomo. Mtu akapita akamtazama, naye akanyamaza.

Kaka alifika anakimbia jeneza lilipokuwa linanyanyuliwa. Akaweka bega lake chini ya mti wa jeneza pamoja na wanaume wengine, na hakuna aliyemwambia kitu njiani. Makaburi ya zamani ya Waislamu yalikuwa yamezama, kwa hiyo walimpeleka kwenye ardhi mpya juu ya kilima kidogo. Pale mwanzoni mwa makaburi kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu si Mubembe?" Jeneza likasimama. Mtu akachukua nafasi ya bega la kaka, taratibu, bila kumsukuma. Aliachwa nyuma, akatazama kwa mbali udongo ukirushwa. Alirudi na vumbi usoni, na njia mbili safi mashavuni.

Miezi ilipita kabla hatujajua kwamba kaka amesilimu. Tulisikia kwa watu wengine. Alikuwa amepata kazi kwenye boti la Mwislamu, na watu wa turubai zetu wakaunganisha mambo. Mchungaji wetu alikuja, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai. Alisema kwa upole kwamba si vizuri mama aendelee kuongoza kwaya huku nyumba yake ikiwa hivyo. Mama akamsindikiza hadi njiani. Jumapili iliyofuata hakwenda kwenye ibada yetu ya chini ya turubai, wala iliyofuata, na hakuna aliyekuja kumuuliza.

Msikitini nako walimwita kaka "Muislamu wa hema". Jioni moja alikuja akakaa kwenye kizingiti chetu, kama kile kijiti kilicholala tunaweza kukiita kizingiti.

"Mama," alisema, "kule banasema nimefuata hema. Huku banasema nimefuata boti."

"Na wewe unasema nini?"

Alichokonoa udongo kwa kidole. "Nilitaka nisimame kwa kaburi yake kama mutu wake."

"Ulisimama?"

"Nilienda. Hakuna alama. Sijue ni gani."

Halafu habari za vita zikaanza tena kutoka kaskazini. Boti zilikuja zimejaa, na mjini watu wakaanza kutazama kila kijana mwenye lafudhi yetu. Ilisemwa kwamba wapiganaji wanajificha kati ya wakimbizi. Mtu, hatukujua ni nani, alimwonyesha kaka kidole alipokuwa anashusha samaki, na watu wenye bunduki wakamchukua pamoja na vijana wengine wa kwetu.

Mama alikwenda kwa mchungaji kwanza. Mchungaji alisikitika kweli. "Lakini mama, mimi nitasema niko nani wake?" alimuuliza. "Yeye si mukristo tena. Imamu njo anaweza kumusemea."

Tukavuka Lukuga, mama akijikokota kwa fimbo. Yule mzee wa msikiti, aliyesimamia hema huko pia, alitukaribisha, akatupa viti kivulini. Alisema kaka ni kijana mzuri, anasali nyuma lakini anasali. "Lakini nikienda kule," alisema, "bataniuliza tangu lini Baislamu banalinda Babembe. Kartie nzima itaingia kwa hii maneno. Muende kwa bakubwa ba kabila yenu." Wakubwa wa kabila letu walikuwa wamejifungia ndani. Wawili walikuwa wameshakamatwa.

Tulizunguka hivyo hadi viatu vya mama vikakatika. Kila mtu alikuwa na uso wa huruma, na kila mtu alitutuma kwa mwingine.

Wakawaachia vijana wote siku moja, bila maelezo, kama walivyowachukua. Kaka alikuja akiwa anatembea kwa kujishika ubavu, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Hakutaka kusimulia. Alilala, aliamka, alikula alichopewa. Mama akimwita kwa upande ule wa kushoto hakugeuka, na mama alisahau kila mara, akaita tena. Baada ya hapo alisema anavuka kwenda Kigoma, kuna kazi bandarini. Mama hakumzuia. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa na neno la kumzuilia: angemwambia abaki wapi?

Alitupigia simu mwanzoni. Alisema kule wanamwita Mkongomani, na kwamba anasali siku nyingine, siku nyingine hasali. Alimuuliza mama kama magoti yamepona. Siku hizi namba yake haipatikani. Mimi bado naipiga, hasa wakati mama yuko nje asinione.

Nashona. Nashona ushungi kwa wanaokuja kutoka chini, na sare za kwaya kwa kina mama wa mlimani. Wanakaa kwenye benchi moja wakingoja, wanasifu kitambaa cha kila mmoja, halafu wanaondoka kila mmoja na njia yake. Zamani nilikuwa nafikiri kwamba benchi lile lina maana fulani. Sasa naona ni benchi tu.

Wiki iliyopita papa wa kamati alikuja tena kwenye korongo, amezeeka, akiegemea mtoto wake wa kike. Alituambia kwamba kanisa linataka kujenga shule kwenye kiwanja chote, na watu wa mwisho huku ndio watakaoanza kuondoka. Aliomba radhi. Nafikiri ilikuwa radhi ya kweli.

"Mutaenda wapi, mama?" alimuuliza mama yangu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Wewe uko muzaliwa wa hapa," alisema. "Utuambie weye."

Yule papa alisimama kidogo, akatazama ziwa, kisha binti yake akamshika mkono wakapanda. Mama akaendelea kuchambua, akitupa vijiwe pembeni. Nilimuuliza kama nianze kufunga vitu. Akasema nimalize kwanza zile sare, wenyewe wanazitaka Jumapili.